Kodi Moja, Wenye Nyumba Watatu

Mzee alifariki Jumatano, tukamzika Alhamisi baada ya adhuhuri, na Jumapili, mikeka ya matanga bado haijakunjwa, mwanawe mkubwa akanigongea mlango kuniuliza kodi.

Hakuja kwa shari. Alinipa pole ya msiba nami nikampa yake, nikamkaribisha kiti akakataa, akabaki mlangoni ameegemea fremu. "Dada fundi, mambo ya nyumba sasa nayasimamia mimi. Kodi yako inaishia lini?" Nikamwambia Desemba. Ilikuwa Julai mwaka 2024. Akanitazama kama mtu anayepiga hesabu kichwani. "Mbona baba hakunieleza hivyo? Risiti unayo?"

Nilikuwa na nusu ya risiti. Hiyo nusu ilinisumbua miezi tisa, na tangu yaishe nimekuwa nikiwasimulia wateja wangu wakiwa wamesimama nawapima mabega. Kila nikisimulia hakosi mmoja wa kusema, "Hata sisi mwenye nyumba wetu amefariki, na hatujui tumlipe nani." Basi bora niiandike yote, mara moja.

Nyumba yenyewe iko Tabata, Dar es Salaam, ni hizi tunazozijua wote: vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido katikati, choo na bafu uwani, LUKU, yaani mita ya umeme, moja kwa nyumba nzima na ugomvi wake. Mzee na mkewe mdogo walikaa vyumba viwili vya mbele. Mimi nilipanga viwili, kimoja nalala na mwanangu, kingine ndiyo sebule na cherehani. Cha tano alikuwa kijana wa bodaboda, cha mwisho mama mmoja anayepika maandazi.

Niliingia Julai 2023 kupitia dalali. Kodi 120,000 kwa mwezi, miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa dalali: 840,000 zikanitoka siku moja, mbali na elfu kumi niliyotoa kuonyeshwa vyumba, viwili kati yake vikiwa vimeshapangishwa wiki iliyopita. Hiyo miezi sita wala haikuandikwa kwenye sheria. Ni mazoea ya mji. Imelalamikiwa hadi bungeni, viongozi wameikemea, na dalali bado atakucheka usoni: "Mwezi mmoja mmoja? Dada, hiyo labda gesti."

Mkataba tuliununua steshenari, kurasa mbili zilizochapwa tayari, unajaza kwa kalamu. Jina la mpangishaji, jina la mpangaji, kiasi, muda. Kwenye kipengele cha notisi palikuwa na vidoti, mzee akapiga mstari, nami sikuuliza. Mjumbe akasaini kama shahidi, serikali ya mtaa ikagonga mhuri. Mwaka mmoja, hadi Juni 2024. Kwa miezi sita ya kwanza nilipewa risiti, ile ya kitabu chenye karatasi ya kopi. Kwa miezi sita ya pili pia.

Mwaka ulipokwisha nikamfuata mzee na mkataba mpya, mtupu, nimeushika mkononi. Alikuwa barazani anakunywa kahawa. Akaniambia, "Mwanangu, tuendelee vile vile. Makaratasi ya nini sisi kwa sisi?" Nikaona haya. Utamdai vipi karatasi mtu anayekuita mwanangu, ambaye mtoto wako akiumwa usiku ndiye anayeita bajaji? Nikaurudisha mkataba kwenye droo ya cherehani. Nikamtumia 400,000 kwa M-Pesa, na 320,000 nikampa mkononi, kwa sababu asubuhi ile mteja wa sare za harusi alikuwa amenilipa keshi. Kitabu cha risiti kilikuwa kimekwisha kurasa. Mzee akalamba kidole, akafunua kaunta buku lake, akaandika kwa wino wa bluu, kutoka kulia kwenda kushoto. Niliona kwa macho yangu akiandika. Wiki tatu baadaye akaondoka duniani.

Kwa hiyo Jumapili ile nilichoweza kumwonyesha kaka mkubwa ni meseji ya 400,000. Akaisoma mara mbili. "Hii ni miezi mitatu na siku kumi. Ikifika Oktoba unadaiwa." Akaondoka. Hakunitukana wala hakupaza sauti, na nadhani kama angepaza sauti ningelala vizuri zaidi usiku ule.

Baada ya siku kumi akaja wa pili. Mdogo wa marehemu, mtu mzima, kanzu na kofia, shikamoo baba, marahaba wanangu. Akatukusanya uwani. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, alisema, na kodi ya mali ya ukoo inapita mkononi mwake. "Yule kijana msimpe, atazila." Tukasema sawa baba. Mama wa maandazi akamlipa mwezi mmoja palepale, akaniambia baadaye anaogopa laana kuliko deni. Kijana wa bodaboda alikuwa ameshamlipa kaka mkubwa miezi miwili, 120,000, kwa sababu kaka mkubwa alimpa mkono huku anatazama pikipiki yake. Mimi nikawa nasema nimeshalipa hadi Desemba, nimeshalipa hadi Desemba, kama kasuku.

Mtu pekee ambaye hakutudai senti ni mjane. Alikuwa ndani kwenye eda, miezi minne na siku kumi, nyuma ya pazia la chumba cha mbele. Tukipita koridoni tunamsikia anakohoa.

Arobaini ikafika, hitima ikasomwa, pilau likaliwa. Wiki moja baadaye akaja mtu nisiyemjua akawa anapima uwani kwa hatua, viatu vyake vya ngozi vikikwepa mifereji ya maji machafu. Huyo alikuwa wa tatu. Alikuwa amenunua nyumba, akasema, kutoka kwa mkubwa wa ukoo, na makaratasi anayo. Kesho yake kila mlango ukapitishiwa karatasi chini: tuhame ndani ya siku saba.

Siku saba. Kukusanya kodi ya miezi sita na udalali kulinichukua mwaka.

Siku ya nane, kijana wa bodaboda yuko kijiweni, wakaja watu wawili na bisibisi wakafungua bawaba za mlango wake, wakauondoa mlango wote na kuupakia kwenye guta. Hawakugusa kitu kingine. Alirudi saa nne usiku akakuta pazia linapepea. Usiku ule alilala amelaza pikipiki yake pale mlango ulipokuwa, yeye upande wa ndani, na kesho yake akaenda polisi. Akaambiwa hayo ni madai, aende kwa mwenyekiti wake wa mtaa. Wengi wanaishia hapo, wanadhani wameambiwa hawana haki. Kumbe wameonyeshwa mlango mwingine tu, ingawa kwa lugha mbaya.

Mwenyekiti wetu wa mtaa alitusikiliza wote watatu kwa pamoja, akasema yeye hana nguvu ya kumwamuru mtu, lakini Jumanne kwenye ofisi ya kata huwa anakaa msaidizi wa kisheria. Twende naye, bure.

Nilitegemea kijana wa suti. Nikamkuta mwalimu mstaafu, miwani imefungwa kamba shingoni, kitambulisho kifuani, chupa ya chai pembeni. Hawa wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hawasimami mahakamani kukutetea kama wakili, na hawaruhusiwi kukutoza. Kazi yao ni kukueleza, kukuandikia barua, kukuonyesha pa kwenda. Yanayohitaji wakili wanayapeleka kwenye mashirika kama LHRC, yaani Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake.

Tulianza kumweleza wote kwa pamoja: nani mbaya, nani ameng'oa mlango, nani ameuza. Akainua kiganja.

"Mmemlipa nani?"

Tukamtajia.

"Kati ya hao, nani amewaonyesha fomu namba nne?"

Tukatazamana. Mama wa maandazi akauliza, "Ya nini hiyo, mwalimu?"

Akatueleza polepole, na mimi nikiwa na kalamu ya kuchorea vitambaa nikaandika nyuma ya ile notisi. Mtu akifa, alisema, mali yake haiendi kwa mkubwa wala kwa anayelia sana. Inasubiri msimamizi wa mirathi. Familia inakaa kikao, inampendekeza mtu, anapeleka maombi mahakamani, na kwa familia kama ile ni Mahakama ya Mwanzo. Tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, halafu mahakama inamteua. Karatasi ya uteuzi ndiyo fomu namba nne. Mwenye karatasi hiyo ndiye anayepokea kodi, anayelipa madeni ya marehemu, anayegawa. Baadaye anarudi mahakamani na fomu namba tano kuorodhesha mali, na namba sita kuonyesha hesabu. Mpaka hapo, kaka mkubwa ni mrithi mtarajiwa na baba mdogo ni baba mdogo. Hakuna hata mmoja mwenye ruhusa ya kukusanya kodi, sembuse kuuza.

"Na huyu aliyenunua?" kijana akauliza.

"Ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Leseni ya makazi ina jina la nani?"

La marehemu.

"Basi."

Nilimuuliza lililokuwa likinikosesha usingizi: mkataba wangu wa maandishi umekwisha Juni, huu wa pili ni wa mdomo, na aliyeutamka amelala kaburini. Nina chochote? Akafungua kabrasha lake. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inakubali pango la muda mfupi, la mwaka mmoja au chini yake, liwe la maandishi au la mdomo. Mpangishaji akifa, pango halifi naye. Linaifuata mali, anayeirithi anairithi na wapangaji wake. Na kifungu cha 88 kinamfunga mpangishaji hata kama mkataba wenu haukusema neno: mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti akae kwa amani bila kuingiliwa. Kifungu hicho hicho kinamtaka mtu aliyepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu na mifereji mikuu. Hapo mama wa maandazi akacheka peke yake, maana ana ndoo mbili za kudumu chini ya bati lake.

Kuhusu notisi, alisema, tutazame tunalipaje. Kijana na mama wanalipa kwa mwezi, hawana mkataba wenye tarehe ya mwisho, basi kwa kifungu cha 79 notisi yao haiwezi kupungua mwezi mzima. Mimi nimelipia hadi Desemba. Siku saba haikumtosha yeyote kati yetu, hata kama ingetoka kwa mwenye nyumba halali. Na kung'oa mlango, kuezua bati, kukata maji, kupiga kufuli, mtu kujifanyia mwenyewe bila amri ya chombo cha sheria, akaita kwa jina moja: uvunjifu wa haki ya mpangaji.

Nilianza kujisikia vizuri. Akaniona.

"Sasa nikuambie na ya upande wa pili," akasema, "usije ukatoka hapa unacheza."

La kwanza, kodi msile. Mpangaji akiona wenye nyumba wanagombana hufurahi, anapumzika kulipa. Siku msimamizi akija na karatasi yake, anadai miezi yote kwa mpigo, na haki itakuwa kwake. Kila mwezi weka pembeni, mahali panapoonekana tarehe.

La pili, lile karatasi letu la steshenari. Mhuri wa serikali ya mtaa ni shahidi mzuri, lakini mkataba wa pango unatakiwa ulipiwe ushuru wa stempu TRA, mamlaka ya mapato, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa kodi yangu ni 14,400. Usipolipiwa, upande wa pili unaweza kupinga usipokelewe kama ushahidi mpaka ulipiwe. Katika wapangaji wote ninaowajua Tabata, sijakutana na hata mmoja aliyelipia. Niliandika, nikapigia mstari.

La tatu likaniuma zaidi. Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, na mabaraza yake. Ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo hakuna anayempangia mwenye nyumba kiwango. Katikati ya mkataba hawezi kukupandishia kwa amri, lakini mkataba ukiisha anaweza kusema bei yoyote, na wewe unaweza kusema ndiyo au kwaheri.

"Na 320,000 yangu?" nikauliza.

"Una shahidi?"

"Aliandika kwenye daftari lake."

"Daftari liko wapi?"

Sikujua. Akaandika malalamiko yetu kwa Baraza la Kata, barua moja, majina matatu, akatusomea kabla hatujasaini. Akanipa kazi moja: niende kwa mtandao wa simu nikaombe taarifa ya miamala iliyochapwa, nisitegemee meseji, simu inaweza kuanguka chooni.

Usiku ule nikamwendea mjane. Nilisimama nje ya pazia, nikabisha hodi, nikamwamkia. Nikamwambia, mama, sikuja kukudai wala kukusumbua, naulizia daftari la mzee. Kimya. Kisha nikasikia sanduku linafunguliwa, lile la bati lenye komeo linalolia. Hakunipa. Akasema tu kutoka ndani, "Mwanangu, usihangaike. Liko."

Kwa wasiojua, Baraza la Kata siku hizi halihukumu. Lilikuwa likihukumu, lakini mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yakalibakishia usuluhishi tu. Wajumbe watatu, lazima awemo mwanamke, wanawakalisha mzungumze. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, mnaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko kuna mwenyekiti mwanasheria na wazee wa baraza wawili, na huko ndiko hukumu na amri zinakotoka. Watu wengi wanalidharau la Kata kwa sababu hiyo. Mimi silidharau. Lina kitu kimoja kizuri: mawakili hawaruhusiwi.

Nililiona hilo kwa macho. Mnunuzi alikuja na wakili, tai nyekundu, mkoba. Mjumbe mwanamke akamwangalia kwa upole, akamwomba akae nje kwenye benchi pamoja na wasubiri vyeti vya kuzaliwa. Akakaa. Mnunuzi bila wakili akawa mtu mwingine, anajifuta jasho, anatueleza mara tatu kwamba hela yake ni ya mkopo. Nikamwonea huruma kidogo, kisha nikakumbuka ule mlango kwenye guta.

Kaka mkubwa akasimama na yake: huyu fundi anadaiwa 320,000. Nikatoa taarifa ya miamala. 400,000 ipo, tarehe ipo, namba ya marehemu ipo. "Na nyingine?" Nikasema aliandika kwenye daftari. "Daftari gani?" Wajumbe wakanitazama. Nilijisikia kama mwanafunzi aliyesahau kitabu nyumbani.

Mlango ukafunguliwa akaingia ustadhi wa madrasa ya mtaani, kaunta buku chini ya kwapa, limefungwa kwenye kitambaa cha kanga. Mjane ametumwa na eda, akasema, yaani yeye ametumwa na mjane aliye kwenye eda. Watu wakacheka, na chumba kikapumua. Akamkabidhi mwenyekiti. Mwenyekiti akafunua, akageuza, akafunua upande wa pili, akampa mtendaji. Mtendaji akaligeuza juu chini. Mzee alisoma chuo cha Kurani, hakusoma shule. Kiswahili chake chote alikiandika kwa herufi za Kiarabu.

"Someni," ustadhi akasema, "au nisome mimi?"

Akavaa miwani. Alisoma kutoka mwezi wa kwanza wa mwaka ule, bila haraka, na kila mtu alikuwemo. Mama wa maandazi, mwezi wa tatu, amepungukiwa elfu kumi, nimemsamehe, bati linavuja. Kijana wa pikipiki, amelipa. Mwanangu mkubwa, amechukua laki mbili, atarudisha. Kaka mkubwa akatazama sakafu. Mdogo wangu, amechukua laki moja, hatorudisha. Hapo hata mnunuzi alicheka. Kisha mwezi wa sita: fundi, laki nne kwa simu, laki tatu na ishirini taslimu, hadi Desemba, hataki kukaa bila karatasi, inshallah nitamwandikia.

Sikulia. Nilijifanya natafuta kalamu kwenye pochi.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Maelewano yakaandikwa, tukasaini: notisi ya siku saba imefutwa, mlango urudishwe, familia ikafungue mirathi, wapangaji watunze kodi mpaka msimamizi ateuliwe. Mnunuzi akaambiwa hela yake akaidai kwa aliyempa. Hiyo kesi yao ilikwenda Baraza la Wilaya na mpaka leo inaendelea, haituhusu. Msidhani tulishinda kwa sababu ya vifungu peke yake, maana Baraza lile lisingeweza kumlazimisha mtu. Kaka mkubwa na baba mdogo walikuwa wamegundua pale pale, kwenye daftari, kila mmoja alichokwisha kuchukua, na kuanzia siku ile hakuna aliyetaka mwenzake aguse nyumba.

Nilikuwa na dai moja la mwisho, nikalitoa wakati watu wanakusanya viti. Kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi. Ni kodi ya mwenye nyumba, lakini inamkata anayenunua umeme, na katika nyumba yetu anayenunua ni sisi kwa zamu. Kwa mwaka ni 18,000. Nikasema irudishwe au ikatwe kwenye pango. Wakacheka tena. Mjumbe mwanamke hakucheka, aliandika pembeni ya karatasi.

Desemba ikaisha, msimamizi hajapatikana. Januari 2025 nikaanza kuweka 120,000 kwenye laini nyingine ya simu niliyoisajili kwa kazi hiyo tu. Nisiwadanganye, ni kazi ngumu kuliko kulipa. Pesa ya kodi uliyoishika mwenyewe inakuita kwa jina. Februari, ada ya mtoto, nikachomoa hamsini. Nikairudisha Machi, kwa gauni mbili za kipaimara.

Aprili akaja mwanamke nisiyemfahamu, sare ya uuguzi chini ya mtandio. Binti wa pili wa marehemu, ambaye miezi yote hiyo hakuwahi kukanyaga pale kudai chochote, na labda ndiyo maana kikao kilimpitisha. Alinipa mkono, akatoa fomu namba nne halisi na nakala yake kabla sijauliza. Niliisoma yote, na mhuri wa mahakama nikausoma. Kisha nikamtumia 480,000 akiwa amekaa, akasubiri meseji iingie, akaandika risiti.

Palepale akaniambia kuanzia Mei kodi ni 150,000. Moyo ulinishuka, lakini nilijua siwezi kumtajia kifungu. Tulivutana, tukakutana 140,000, kwa mkataba wa maandishi, kipengele cha notisi kimejazwa mwezi mmoja kila upande, na ushuru wa stempu tumegawana. Alitoa karatasi ya Baraza la Kata, akaisoma pembeni pale kwenye maandishi ya yule mjumbe, akauliza, "Na hii elfu kumi na nane ya LUKU ndiyo nini?" Nikamweleza. Akaikata kwenye kodi ya Mei.

Zile 120,000 za kijana wa bodaboda aliziandika kwenye hesabu za mirathi kama sehemu ambayo kaka yake ameshaichukua, kijana akahesabiwa amelipa. Mama wa maandazi hakutaja ile aliyompa baba mdogo. Nilipomkumbusha aliniambia niiache, yule mzee alimwombea dua.

Mlango ulirudi kwa guta lile lile, lakini bawaba zilikuwa zimepotea, wakafunga mpya zisizolingana. Sasa kijana akirudi usiku mlango unalia, nyumba nzima tunajua ni saa ngapi, na mjane kutoka chumba cha mbele anaitikia, "Umefika, mwanangu?"